Somalia imo Jumuiya, lakini bibi hawezi kwenda Chula. Hizi jumuiya za majirani zafanya kazi gani?

#1 NguruMkavu (Ndau)

Assalam aleikum wadau.

Bibi yangu mzaa mama ana mdogo wake Chula, kule visiwa vya Wabajuni upande wa Somalia. Hawajaonana tangu kabla mpaka haujafungwa 2011. Mwezi uliopita zimekuja habari kwamba huyo mdogo ameanguka na hatoki kitandani. Bibi anataka kwenda.

Kutoka Kiunga hadi mpakani ni kilomita kama 15. Lakini anayetaka kufuata sheria inambidi avuke Mokowe, apande gari hadi Nairobi, atafute ndege ya Mogadishu, kisha ya Kismayu, kisha boti mpaka Chula. Bibi ana miaka 80 na kitu, hata gari la Mpeketoni humtapisha.

Mimi kwa kujifanya msomi nikamwambia, "Bibi, Somalia sasa imo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki." Akaniuliza, "Basi twenda lini?" Nikainama nikajidai natafuta viatu.

Dai langu ni hili: EAC (hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki), IGAD (ile ya nchi za Pembe ya Afrika), AU (Umoja wa Afrika) na nyinginezo ni vyama vya marais kupigia picha. Nipingeni kwa mifano, si kwa matusi.

#2 KahawaTungu (Lamu mjini)

Pole kwa bibi. Lakini Somalia kweli ni mwanachama hodari: IGAD imo, AU imo, COMESA (ile ya biashara ya mashariki na kusini mwa Afrika) imo, Jumuiya ya Nchi za Kiarabu imo, na sasa EAC. Ni kama marehemu mjomba wangu, alikuwa na kadi za vyama vitano vya kuzikana. Siku ya mwisho kila chama kikadhani kingine ndicho kitakachonunua sanda.

#3 Wakili_Mvivu (Malindi)

Niweke tarehe sawa kabla watu hawajarusha mawe. Somalia iliomba kujiunga EAC tangu 2012. Ikakubaliwa na wakuu wa nchi tarehe 24 Novemba 2023, ikatia saini mkataba Desemba mwaka huohuo, na ikakabidhi hati zake Arusha tarehe 4 Machi 2024. Ni mwanachama wa nane.

Kuingia kwenye mkataba si kufunguliwa mpaka. Itifaki ya Soko la Pamoja, ile iliyoanza kazi Julai 2010, ndiyo yenye habari za watu kutembea na kufanya kazi. Mwanachama mpya hupewa muda wa kupanga sheria zake zilingane na za wenzake. Na hata wanachama wakongwe hawajalingana: kwenda Uganda na Rwanda naingia na kitambulisho tu tangu 2014, Tanzania wanataka pasi au hati ya kusafiria.

#4 NguruMkavu

@Wakili_Mvivu shukran. Lakini Kiunga si habari za itifaki. Mei 2023 serikali yetu ilitangaza itafungua vituo vitatu kwa awamu: Mandera kwanza, kisha Liboi, na sisi Kiunga na Ras Kamboni tungekuwa wa mwisho ndani ya siku 90. Watu wakaanza kupaka rangi mashua. Julai ikaahirishwa kwa sababu ya mashambulizi. Rangi imeshabanduka.

#5 Askari_Zamani

Niseme kidogo, maana nimekanyaga kule. Msitake mpaka ufunguke halafu mkilipuliwa mlie. Mwaka 2011 watalii walitekwa Kiwayu, kisha Manda, ndani ya wiki chache. Oktoba jeshi likaingia Somalia. Mwaka uliofuata tukavaa kofia za kijani za AMISOM, yaani tukawa chini ya Umoja wa Afrika.

Mtu atasema kofia ni kofia. Si kweli. Tulipokuwa peke yetu tulikuwa jeshi la jirani lililovuka mpaka. Tulipokuwa chini ya AU tulikuwa na Waganda, Warundi, Wajibuti, Waethiopia, na serikali ya Mogadishu ilikuwa imetukubali kwa maandishi. Mzee wa Kismayu alikuwa anaweza kukaa na sisi bila kuitwa msaliti siku ileile. Siku ya pili labda, lakini si ileile.

#6 Hesabu_Zako (Malindi)

@Askari_Zamani na posho zenu nani alikuwa analipa? Umoja wa Ulaya. Mwaka 2016 walipopunguza fungu kwa asilimia 20 mlisikika mkilia mpaka huku Maweni. Jumuiya ya majirani ambayo mfuko wake uko Brussels ni jumuiya ya nani?

#7 Askari_Zamani

Tulilia, ndiyo. Wewe ungekatwa asilimia 20 ungecheka?

#8 MwalimuMstaafu (Mpeketoni)

Vijana, ngoja niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu naona mnaipiga IGAD hapa bila kujua ilizaliwaje.

Haikuzaliwa kwa ajili ya amani. Ilizaliwa kwa ajili ya njaa. Baada ya ukame wa miaka ya 70 na ule mbaya zaidi wa 1984, nchi sita (Djibouti, Ethiopia, Kenya, Somalia, Sudan, Uganda) zikaunda IGADD, makao yakawa Djibouti, 1986. Katika zile D mbili, moja ilikuwa ni ya ukame, nyingine ya maendeleo. Jina lilikatwa na kuwa IGAD mwaka 1996, na ndipo kazi ya amani ikaandikwa rasmi.

Lakini sikilizeni jambo lililotokea kwenye mkutano wa kwanza kabisa, Januari 1986. Mengistu wa Ethiopia na Siad Barre wa Somalia walikuwa hawajakutana tangu vita vya Ogaden vya 1977 na 1978. Hakuna ambaye angekubali kwenda kwa mwenzake, ingekuwa aibu. Lakini kwenye mkutano wa ukame? Kila mtu ana ng'ombe waliokufa. Wakaketi chumba kimoja, wakasemezana, na Aprili 1988 wakatiliana saini ya amani.

Hiyo ndiyo kazi ya hizi jumuiya, NguruMkavu. Zinatoa kisingizio cha heshima. Watu wawili waliogombana wanahitaji arusi ya mtu wa tatu ili wasalimiane.

#9 KahawaTungu

Mwalimu, hiyo ya arusi umeniua. Mashangazi zangu wawili walipatana kwenye maulidi, wakagombana tena kwenye pilau ya maulidi hayohayo.

#10 MtuWaMambrui

@MwalimuMstaafu heshima yako, lakini malizia hadithi. Katika mapatano ya 1988 kila mmoja aliahidi kuacha kuwasaidia waasi wa mwenzake. Waasi wa SNM, waliokuwa wakijificha Ethiopia, wakaona kambi zinafungwa. Mei 1988 wakavamia kaskazini, Burao na Hargeisa. Siad Barre akaupiga mji wa Hargeisa kwa ndege zake mwenyewe. Amani ya marais wawili ilileta vita ndani ya nyumba ya mmoja wao.

#11 MwalimuMstaafu

@MtuWaMambrui kweli kabisa, na nilikuwa najua utaileta. Ndiyo maana sikusema IGADD ilileta amani. Nilisema ilileta kiti.

#12 MzeeMkunguni (Lamu)

Yeo niketi hapa Mkunguni nasoma haya yenu kwa mawani ya kuazima. Mwasema mpaka, mpaka. Wakati wa babangu jahazi hupakia boriti hapa likenda Kismayu, likenda Barawa, ndia ni bahari, hapana yambo la pasi. Tena mujue Kismayu ilikuwa nti moya na Lamu chini ya Mngereza hata 1925, ndipo akampa Mtaliana Jubaland yote kama mtu ampavyo mwendani wake sahani ya halua. Hapana jumuiya iloulizwa. Hapana Mbajuni aloulizwa.

#13 BintiMajengo (Malindi)

Mzee shikamoo. Nimesoma mara mbili ndipo nikaelewa 😄 Hawa watu wa Lamu wangefanya Kiamu ndiyo lugha ya Jumuiya, mikutano ingeisha haraka maana mawaziri wasingeelewa wanachokubaliana.

#14 MzeeMkunguni

Marahaba binti. Nanyi wa Malindi lugha yenu ni Kiitaliano, mutatuambia nini.

#15 BintiMajengo

Nimekubali nimepigwa 😂

Sasa nije kwenye hoja. Mimi naitetea EAC, na sitetei kwa vitabu. Nauza vitenge, mchele na vikapu. Nanunua Tanga. Miaka ya nyuma nilikuwa navuka kwa njia za panya na kumwachia kila mtu chake njiani, nikifika Malindi faida imebaki ya chai. Mwanamke mwenzangu wa Lungalunga akanifundisha kwamba mzigo wa bidhaa za Afrika Mashariki usiozidi thamani ya dola 2,000 una cheti rahisi cha uasilia, yaani cha kuonyesha bidhaa imetengenezwa wapi. Unajaza ukurasa mmoja pale pale mpakani, hulipi ushuru wa forodha. Na kituo cha Lungalunga na Horohoro ni cha pamoja siku hizi, unashuka mara moja, pasi inagongwa pande zote mbili.

Sisemi ni pepo. Siku moja afisa mmoja aliniambia hiyo fomu haijui, labda nimeichapisha mwenyewe. Nilikaa hapo saa sita na magunia. Lakini kuna sheria ya kumwonyesha, kuna bango limebandikwa ukutani nyuma ya kichwa chake, na mwishowe mkubwa wake akaja akamwambia "geuka usome." Zamani hakukuwa na bango.

Kwa hiyo ukiniuliza Jumuiya inafanya nini, mimi nina jibu: ilinipa bango.

#16 Hesabu_Zako

Bango zuri. Vifaranga 6,400 vya kutoka Kenya vilivyochomwa Namanga 2017 havikusoma bango?

#17 BintiMajengo

@Hesabu_Zako na 2021 nani alikataza mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie, kwa sababu ya sumu kuvu? Sisi. Yakafunguliwa baada ya siku chache, na marais wakatembeleana. Majirani wanachokozana hivyohivyo. Swali ni kama kuna mahali pa kwenda kulalamika kabla haijawa vita vya mabomu.

#18 MpembaDagoni (Wete)

Wakuu habari. Nimeuona huu uzi nikasema nami niutie mkono.

Mimi nimekuja dago huko kwenu misimu mingi, Ngomeni, Watamu, hata Kipini. Kaskazi ikiingia bahari ikilala tunatoka Pemba tunakuja kupiga kambi. Tunaishi vizuri, tumeoana. Lakini kila mwaka ni vile vile: mwaka huu mnatuita ndugu, mwaka ujao mnatuita Watanzania. Siku moja boti yetu ilizuiliwa kwenye kijiji kimoja (sikitaji) na samaki wakaozea kwenye barafu. Nikawaambia wale jamaa, si sote Afrika Mashariki? Mmoja akanijibu, "Afrika Mashariki iko Arusha, hapa ni kwetu."

#19 MtuWaMambrui

@MpembaDagoni ndugu yangu karibu, na mimi nitakuwa mkweli. Tatizo si Upemba wenu. Tatizo ni nyavu za ringi. Mnakuja na ringi inayozoa siku moja kile ambacho sisi na ngalawa zetu tunatafuta mwezi mzima, halafu mnaondoka kusi ikiingia na sisi tunabaki na bahari tupu. Tunaoishi hapa mwaka mzima tungemfanyia hivyo hivyo hata Mmombasa.

Na mkitaka kujua yaliyoisha kwa amani yaliishaje: si Arusha, si Nairobi. Mwenyekiti wa BMU yetu (kamati ya wavuvi wa ufuoni), nahodha wenu mmoja mzee, na imamu. Wakakubaliana idadi ya boti, ada, na mahali pa kutotupa wavu. Karatasi moja ya daftari la shule. Imedumu.

#20 Wakili_Mvivu

Kisheria Mpemba hana haki aliyodhani anayo. Uhuru wa kutembea si uhuru wa kuvua. Leseni ya uvuvi ni ya nchi husika, Soko la Pamoja halikuifuta.

Lakini mmenikumbusha jambo ambalo linaiharibu nadharia ya kila mtu humu. Mpaka wa baharini kati yetu na Tanzania pale Pemba ulipatikanaje? Kwa barua. Wizara kwa wizara, Desemba 1975 na Julai 1976. Walikubaliana mstari upite katikati, kisha ufuate latitudo kuelekea bahari kuu, wakamaliza. Mwaka mmoja baadaye, 1977, Jumuiya yenyewe, ile ya kwanza, ikavunjika, mpaka wa nchi kavu ukafungwa mpaka 1983, ndege na meli za shirika zikanyang'anyiwa. Ule mstari wa baharini haukuguswa na mtu. Jumuiya ilikufa, barua zikaishi.

Halafu angalieni mpaka wetu wa baharini na Somalia. Wote wawili tumo IGAD tangu 1986. Tukatiliana saini ya makubaliano 2009, yakashindikana. Somalia ikaenda mahakamani 2014, hukumu ikatoka 12 Oktoba 2021.

#21 KahawaTungu

Ile ambayo Somalia walichukua bahari yote?

#22 Wakili_Mvivu

Hawakuchukua yote, na ni kosa linalorudiwa kila baraza. Kenya ilitaka mstari unaokwenda sawa na latitudo, kama ule wa Tanzania. Somalia ilitaka mstari wa kati kwa kati. Mahakama ilianza na ule wa kati kisha ikausogeza kaskazini kidogo, upande wa kutufaa sisi. Somalia walipata sehemu kubwa ya eneo lililogombaniwa, ambalo ni zaidi ya kilomita za mraba 100,000, lakini si yote. Kenya ikasema haiutambui uamuzi.

Na hiyo si mahakama ya EAC wala ya AU. Ni Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Hague, ya Umoja wa Mataifa. Kesi ya majirani wawili wa IGAD iliamuliwa Uholanzi. IGAD ilikuwa wapi?

#23 MwalimuMstaafu

IGAD ilikuwa palepale ilipo siku zote: haina uwezo wa kumlazimisha mtu. Maamuzi yake ni ya kukubaliana wote. Mmoja akikataa, hakuna uamuzi. Ukiiona kama mahakama utakasirika kila siku.

Iangalie Sudan. Vita vya kusini vilianza upya 1983. IGADD ikaandika misingi ya mazungumzo 1994, Khartoum ikaikataa, ikaikubali baadaye. 2001 akateuliwa Jenerali Sumbeiywo wa kwetu kuwa mpatanishi. 2002 Machakos, kisha kuanzia 2003 Naivasha, Garang wa waasi wa kusini na Ali Osman Taha wa serikali ya Khartoum wamefungiwa hotelini. Saini ikatiwa Nairobi, uwanja wa Nyayo, 9 Januari 2005. Kutoka 1994 mpaka 2005! Hakuna mfadhili mwenye subira hiyo peke yake, na hakuna jirani mmoja ambaye angeaminiwa na pande zote mbili peke yake. Wamarekani, Waingereza na Wanorwe walisukuma kwa nyuma, nakubali. Lakini meza ilikuwa ya majirani.

#24 Hesabu_Zako

Na baada ya hapo? Sudan Kusini ikapata uhuru Julai 2011, Desemba 2013 wakaanza kuuana wenyewe. IGAD ikaitwa kupatanisha tena. Na wakati IGAD inapatanisha, Uganda, mwanachama wa IGAD, ilikuwa imeshapeleka askari wake Juba kumsaidia Rais Kiir. Mpatanishi mkono mmoja, bunduki mkono wa pili. Mkataba wa 2015 ukavunjika, wakaandika mwingine Septemba 2018.

Na Sudan yenyewe, vita Aprili 2023. Januari 2024 IGAD ikamwalika Hemedti, yule anayepigana na jeshi la Khartoum, mkutanoni Uganda, Khartoum ikasimamisha uanachama wake. Meza ya majirani, mwenye nyumba katoka kasusa.

Jirani anajua shida yako, ndiyo. Lakini pia ana ndizi zake zinazotaka kuuzwa kwako. Hawezi kuwa kadhi.

#25 Askari_Zamani

Kongo mfano mwingine. Kikosi cha EAC kiliingia Goma Novemba 2022 kikiongozwa na Mkenya. Wakongo walitaka kiwapige waasi wa M23. EAC ilisema kimekuja kusimama katikati. Kinshasa ikakataa kuongeza muda, Desemba 2023 kikafunga virago, SADC (jumuiya ya kusini mwa Afrika) ikaingia. Januari 2025 Goma ikaanguka. Ndipo Februari EAC na SADC wakakutana pamoja Dar es Salaam, jumuiya mbili meza moja, maana Kongo iko kwenye zote.

Askari hakujua amekuja kufanya nini. Hilo ndilo kosa, si jumuiya.

#26 KahawaTungu

Mimi kwa maoni yangu CECAFA, ile ya mpira wa Afrika Mashariki na Kati, ndiyo jumuiya pekee inayofanya kazi. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda tuliandaa mashindano ya CHAN pamoja, hakuna aliyechoma kifaranga.

#27 MpembaDagoni

Na fainali mkaichukua Kasarani wenyewe. Ubinafsi ule ule 😄

#28 KahawaTungu

Mkalalamike Arusha.

#29 Msimamizi

Mpira una uzi wake. Rudini kwenye mada. Na habari za vyama vya siasa nimefuta posti mbili.

#30 BintiMajengo

Niulize kitu. Mbona hatuzungumzii zile kazi ndogondogo? IGAD ina ofisi Addis Ababa inaitwa CEWARN, kazi yake ni kupokea habari za wizi wa mifugo na ugomvi wa malisho mipakani kabla haujawa mkubwa, Karamoja na Turkana, na kwa Wasomali pia. Kuna mtu wa Tana River humu? Ninyi wa Garsen mngefaidika na kitu kama hicho kwa Wapokomo na Waorma.

#31 MtuWaMambrui

Ya Wapokomo na Waorma ni ndani ya nchi moja dada, IGAD haiingii. Lakini wazo ni zuri. Tatizo la onyo la mapema ni kwamba vita ambavyo havikutokea havina picha. Hakuna gazeti litaandika "Jumanne hakuna ng'ombe aliyeibwa."

#32 Hesabu_Zako

Hiyo hoja ya "vita ambavyo havikutokea" ni tamu sana, haipingiki. Mimi pia nimezuia mamba Malindi miaka arobaini, mmewahi kumwona mamba sokoni?

#33 MwalimuMstaafu

😂 Hesabu_Zako umenipata hapo. Ila nikuulize: Kenya na Tanzania hazikuzungumza vizuri kutoka 1977, mali ya Jumuiya ikagawanywa kwa mkataba Mei 1984 baada ya Mswisi Victor Umbricht kuzunguka miaka na miaka. Marehemu kaka yangu alikuwa karani wa Shirika la Bandari la Afrika Mashariki, akafuatilia kiinua mgongo chake mpaka akastaafu kufuatilia. Kwenye mkataba wa huo mgawanyo waliandika kwamba nchi tatu zitatafuta njia za kushirikiana tena siku za mbele. Sentensi moja tu. Kutoka sentensi hiyo ndiko walikokuja Arusha Novemba 1999 kutia saini Jumuiya mpya. Kwa hiyo hata kuvunjika kulifanywa vizuri kidogo. Si vyote vinavunjika vizuri.

#34 Wakili_Mvivu

Wanaosema Jumuiya ya kwanza iliuawa na Idi Amin peke yake wasome zaidi. Alichangia, Nyerere alikataa kuketi naye meza moja. Lakini kulikuwa na Kenya kuonekana inafaidi zaidi, ujamaa upande mmoja na ubepari upande mwingine, na deni la shirika la ndege ambalo kila mmoja alisema si lake. Mkataba wa sasa ulijaribu kuziba matundu hayo. Mengine yamezibwa, mengine yamebandikwa karatasi.

#35 MtuWaMambrui

Tuko posti 35 na bibi bado yuko Ndau.

#36 NguruMkavu

Nimesoma yote, asanteni. Sijui nani amenishinda. BintiMajengo alinitikisa na lile bango. Mwalimu na kiti chake pia. Lakini MtuWaMambrui na karatasi yake ya daftari ndiye yuko karibu na maisha yangu: hapa Ndau sisi na jamaa wa kule tulikuwa na mapatano yetu ya kamba na ya madema kabla hata sijazaliwa, na hakuna bendera iliyopandishwa.

Swali langu la bibi halikujibiwa, na silaumu. Nilimnunulia simu, tukarekodi sauti yake akimsalimia mdogo wake, nikamtumia kijana mmoja Kismayu anayefika Chula. Jibu lilikuja baada ya siku nne. Dakika mbili za Kibajuni, nusu yake ni kumsuta bibi kwa kanga aliyoazima akakosa kurudisha.

Bibi amesikiliza mpaka betri ikaisha. Sasa anataka kujua kama kanga inaweza kutumwa.

#37 Wakili_Mvivu

Kanga moja haizidi dola 2,000. Anzia hapo.

#38 KahawaTungu

Na cheti cha uasilia? Kanga imetengenezwa India.

#39 BintiMajengo

😂😂 Basi itatozwa ushuru.

#40 MzeeMkunguni

Nguru, huyo wa Chula ni binti wa nani? Ukoo gani? Babangu alikuwa na mke huko, na nasikia nina ndugu nisowayua. Nitumie jina faraghani, usiandike hapa.

#41 NguruMkavu

Nimekutumia mzee. Angalia simu.